Mashine Isiyojua Kuamka

Sabiha binti Ashrafu ni fundi wa redio na ving'amuzi, na kibanda chake kipo nyuma ya soko la samaki hapa Bagamoyo, mlango wa bluu, jirani na wauza kamba za nyavu. Ana miaka thelathini na tisa. Kazi aliirithi kwa baba yake, marehemu fundi Ashrafu, pamoja na meza, koleo mbili na ulimi mkali. Watu wa mtaa wanampenda kwa mikono yake na wanamvumilia kwa mengine. Ukimpelekea redio inayokoroma ukaanza kumweleza kwamba siku ilipoanza ulikuwa umetoka arusini kwa shangazi yako, atakukata kauli: "Iache hapo, nitaiuliza mwenyewe." Na kweli huiuliza, kwa mita na bisibisi, nayo humjibu. Ndiyo maana kwa miaka mingi aliamini kwamba chombo husema kweli kuliko mwenye chombo.

Mwaka juzi mwalimu Oswaldi, anayefundisha fizikia sekondari, alimletea kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ukubwa wa kitambulisho cha kupigia kura, yenye pini arobaini zilizosimama ubavuni kwa safu mbili. Ilikuwa imeungua sehemu ya umeme. Sabiha akaifufua, na mwalimu, kwa kuwa shuleni walishaifuta kwenye orodha ya mali, akamwachia. Kilichomvutia ni zile pini. Unaandika maneno kwenye programu, pini inapata umeme. Unaandika mengine, pini inanyimwa. Siku ya kwanza alipoandika "washa" na kitaa chekundu kikawaka mezani, alicheka peke yake mpaka muuza kamba akachungulia kuona kuna nini. Tangu siku hiyo akawa anajifunza kwa simu, kila jioni kidogo, mpaka akaweza kuandika programu zake mwenyewe.

Sasa kuna kisima. Mji wetu una visima vingi, lakini vingi ni vya maji ya chumvi, unasugua sabuni mpaka mkono unachoka na povu huoni. Cha Bi Tatu, kilichomo uani kwake, ukuta kwa ukuta na msikiti, ni cha maji baridi, yasiyo na chumvi. Kaya arobaini hivi huchota hapo. Lakini kina masharti yake. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta kidogo ukapumzika, yanajaa tena. Ukivuta kwa pupa yanapanda ya chini, na yakishapanda hayaondoki kwa siku mbili tatu. Yanaweza kukaa hadi mvua za masika.

Bi Tatu, mjane wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa akiendesha pampu kwa kukadiria. Anawasha, anasuka ukili wake wa mikeka dhiraa moja, anazima. Lakini uzee ukaleta usingizi wa mchana, na kiangazi kilichopita alisinzia na ukili mkononi, kisima kikawa cha chumvi siku kumi. Hapo ndipo Sabiha alipokwenda kwenye kamati ya kisima na wazo lake: kompyuta iwashe pampu dakika ishirini kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, bila kusinzia. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Majaliwa, aliyestaafu forodhani, hakupendezwa. "Mashine haina kiu," alisema. "Itajuaje thamani ya maji?" Lakini wajumbe walikubali, na Sabiha akaifunga mashine yake kwenye kisanduku ukutani mwa ukumbi wa Bi Tatu.

Wiki mbili za kwanza alisifiwa. Maji yalikuwa hayaishi, tangi linafurika, na mchicha wa jirani Mina nyuma ya ua ukanawiri kwa maji yaliyomwagika. Sabiha akapita mtaani shingo juu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alitia maji ya bahari, maana wiki ya tatu chai ilianza kuwa na ladha isiyoeleweka, na wiki ya nne ikaeleweka. Mzee Majaliwa aliitema yake mbele ya wageni.

Ijumaa hiyo kamati ikamwita. "Tulikupa kisima kizima," Mzee Majaliwa alimwambia. "Leo maji yana chumvi, na masika bado. Kikifa hiki, watu wote hawa watategemea maji ya mkokoteni. Ing'oe mashine yako."

"Nipeni wiki moja, mzee. Sijui kosa liko wapi. Nikiing'oa sasa sitalijua milele."

Wakanong'onezana. "Mpaka Ijumaa ijayo," alisema mzee. "Ukishindwa, mashine itoke, na wewe usishike tena kitu cha kisima hiki." Sabiha alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Mashine wangeitoa, sawa, angelia kidogo. Lakini kuitwa aliyekiua kisima cha Bi Tatu, katika mji aliozaliwa, hilo asingeliweza.

Jumamosi aliswali adhuhuri nyumbani, akaenda uani kwa Bi Tatu kwenye saa saba unusu. Siku zote alikuwa akija asubuhi, na asubuhi hakuwahi kukuta kasoro. Safari hii alikuta pampu inanguruma, na ratiba ilisema iwake saa nane. Akafungua simu, ambamo mashine humwandikia hali yake. Ilikuwa imeandika: PAMPU IMEZIMWA. Akatazama simu, akatazama pampu. Mmoja kati yao alikuwa mwongo. Ilipofika saa nane na dakika ishirini pampu ikazimika yenyewe, kwa adabu, kama ilivyopangwa.

Basi fundi akaanza kazi. Kwanza aliituhumu rilei, ile swichi ndogo inayopokea amri ya pini na kuibonyeza pampu. Rilei yake ina tabia ya kinyume: pini ikiwa na umeme, rilei inalala na pampu imezimwa, pini ikikosa umeme, rilei inabana na pampu inanguruma. Hilo alilijua tangu mwanzo na programu aliiandika hivyo hivyo. Akabadilisha rilei. Akabadilisha waya. Kisha akashuku hesabu ya pini, maana pini hizo zina hesabu mbili: moja ya mahali ilipo kwenye safu, nyingine ya jina lake ndani ya kompyuta, na hazilingani. Ni kama saa yetu ya ukutani: mkono umesimama kwenye saba, sisi tunasema saa moja, na hatukosani. Lakini mashine ukiichanganyia hesabu hizo inaamrisha pini ya jirani. Akahesabu kwa ncha ya penseli, mara tatu, akakuta pini ni ile ile.

Akaichukua kibandani, akaiunga na betri ya kuchajia simu anayotumia siku zote mezani, akaipa amri ya kuzima, ndipo akafunga kitaa mahali pa pampu. Washa, kikawaka. Zima, kikazimika. Mara hamsini. Kibandani ilikuwa mtoto wa madrasa. Uani kwa Bi Tatu inageuka mhuni. Akairudisha, akamwuliza Bi Tatu, "Kuna mtu anaigusa mashine hii?"

"Nani ataigusa, mwanangu? Hata kuku nawafukuza wasiikaribie."

Sabiha akashukuru, akafunga mjadala. Kwa tahadhari akapunguza dakika ishirini zikawa kumi, na Jumapili asubuhi akaiongezea programu mstari mmoja: kila dakika inayopita, mashine iandike kwenye daftari lake la ndani kwamba ipo hai, na saa ngapi. Ikifa ikafufuka, daftari litaonyesha pengo. Kina kisaa chake kile kibao, chenye betri ya kitufe, kwa hiyo saa haipotei. Jumatatu maji yalikuwa na chumvi kuliko Ijumaa, ingawa dakika zilikuwa nusu. Sabiha akawa anawakwepa wachotaji, anapita njia ya mbali.

Jumatano alilisoma daftari. Mapengo yalikuwepo, tena mengi, matano kwa siku, kila siku karibu saa zile zile. Moja saa nane usiku, akalihesabu kuwa ni umeme umekatika. Lakini manne yalikuwa mchana kweupe: saa tatu na dakika arobaini na moja, saa saba kasoro dakika mbili, saa tisa na dakika arobaini na nne, saa kumi na dakika hamsini na nne. Mashine ilikuwa inakatwa umeme saa za kazi. Na pale uani mwenye kazi ya umeme ni mmoja, Wahida, anayepigia watu nguo pasi na kuichomeka pasi yake ukumbini kwa Bi Tatu.

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza na kuna kushitaki. Sabiha alimkuta Wahida kisimani katikati ya wanawake wanaochota.

"Wahida, pasi yako unapoichomeka, unachomoa nini?"

"Sichomoi kitu. Soketi ziko mbili. Kwani vipi?"

"Mashine inakatwa umeme saa tatu na dakika arobaini na moja. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Saa saba tena, saa tisa tena. Nani mwingine ana shughuli na umeme saa hizo? Unatuharibia kisima kwa ajili ya pasi!"

Wahida aliweka ndoo chini. "Jumatatu nilikuwa Chalinze, mazikoni kwa mama mdogo. Nimelala huko, nimerudi jana jioni. Pasi yangu ilibaki huku ikipiga nguo peke yake?"

Wanawake wakacheka. Wahida hakucheka. "Umeniita mharibifu mbele za watu, Sabiha. Mimi nachota wapi, kama si hapa?" Akajitwika ndoo yake akaondoka bila kuaga. Sabiha alibaki amesimama na karatasi mkononi, uso umemshuka. Alijua kabisa amekosea, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi asubuhi alilinakili daftari upya, na saa tano, wakati wa mapumziko, akamfuata mwalimu Oswaldi shuleni, akamwekea karatasi mezani, akamsimulia yote pamoja na ya Wahida. Mwalimu aliisoma taratibu.

"Saa ya mashine umeilinganisha na ya ukutani?"

"Ina kisaa chake, mwalimu."

"Najua. Nakuuliza, ilikuwa inasema saa ngapi leo uliponakili?"

Sabiha akataka kumjibu kwa ukali, akakumbuka. Mstari wa mwisho aliounakili asubuhi ulisema 05:20, yaani saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Na yeye alikuwa ametoka nyumbani baada ya kunywa chai, watoto wa shule wameshapita zamani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Alinakili kwa mkono wake, asione.

"Mashine hizi hutoka kiwandani na saa ya Greenwich," alisema mwalimu. "Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Usipoiambia iko Bagamoyo, yenyewe inaishi Ulaya. Zamu zako hazikupotea kwa kuwa inazihesabu saa mbili mbili tangu siku uliyoifunga, haiangalii ni saa ngapi." Akachukua kalamu, akaongeza tatu kwenye kila mstari. Saa sita na dakika arobaini na moja mchana. Saa kumi kasoro dakika mbili. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne jioni. Saa mbili kasoro dakika sita usiku. Na lile pengo la saa nane usiku likawa saa kumi na moja na dakika kumi na saba alfajiri. Akaweka kalamu chini, akaanza kucheka.

"Fundi, mimi nyumba yangu iko nyuma ya msikiti. Hii ya alfajiri ndiyo inayoniamsha kila siku nikasahihishe madaftari. Hizi ni adhana! Mimi Mkatoliki nimezijua kabla yako?"

Sabiha, anayeswali swala tano tangu ana miaka saba, alihisi masikio yanawaka moto. Siku nzima alikuwa ametazama vipindi vyake mwenyewe vya swala na kumtafuta ndani yake mtu wa kumlaumu. Alimshukuru mwalimu kwa maneno mawili, akatafuta bajaji.

Alifika kwa Bi Tatu pampu imetoka kumaliza zamu yake ya saa sita. Bibi alikuwa mkekani, anasuka ukili.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Leo umekuja na hasira au umeiacha nyumbani?"

Sabiha akakaa. Wakazungumza habari za mchicha wa Mina, ambao ulikuwa umeanza kuungua ncha kwa chumvi. Kisha kipaza sauti cha msikitini kikakwaruza, kabla muadhini hajasema neno. Bi Tatu akaweka ukili chini, akashika goti, akainuka, akaingia ukumbini. Kulikuwa na swichi ukutani, juu ya soketi ya pampu na mashine. Akaibonyeza. Kitaa cha mashine kikafa. Adhana ikapanda. Bibi akarudi, akakaa, akawa anamwitikia muadhini kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Wakaswali hapo hapo, na alipomaliza kuvuta uradi wake, Bi Tatu akainuka tena, akaenda akawasha.

Ilipita nusu dakika hivi. Kitaa kikawaka, rilei ikapiga "tak", pampu ikaanza kunguruma. Sabiha akatazama simu. PAMPU IMEZIMWA.

"Bi Tatu," alisema polepole, "kwa nini unazima?"

Bibi alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini ananawa kabla ya kula. "Adhana, mwanangu."

"Nimeona. Lakini kwa nini uzime mashine?"

"Marehemu mume wangu Mikdad alikuwa muadhini hapo miaka ishirini na sita, wewe unajua. Pampu ilipoletwa, siku ya kwanza mngurumo ukaingia kwenye kipaza sauti, mji mzima ukasikia pampu inaadhini. Akaja hapa amekasirika, hata chakula cha mchana hakukigusa. Akaniambia, 'Tatu, nikianza mimi, isiwe inalia.' Nikamwambia, haitalia. Hilo tu, na kila akitoka kwenda kuadhini alikuwa akinikumbusha nikazime. Zamani nilikuwa nawasha mwenyewe, najua imewaka au haijawaka. Hii yako inajiwashia inapotaka. Basi naizima mapema ili niwe na hakika, na tukimaliza naiwasha isije ikasahau kazi yake."

"Si nilikuuliza kama kuna mtu anaigusa?"

"Sikuigusa mimi. Nagusa swichi ya ukutani, tuliyoiweka na mume wangu."

Mzee Mikdad alikuwa amefariki mwaka wa tatu huo. Hasira ilimpanda Sabiha, ikatafuta mtu wa kumshukia, ikamkosa Bi Tatu, ikamrudia mwenyewe. Sasa aliliona kosa lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mashine ikiamka, kazi ya kwanza ya programu ni kuiandaa pini, na pini inayoandaliwa bila kuambiwa kitu hutoka haina umeme. Kwa rilei yake ya kinyume, kukosa umeme ni amri ya kufanya kazi. Pampu inaanza. Programu nayo, kwa kuwa haikuamrisha chochote, inaandika daftarini "imezimwa" na kujiamini, na haihangaiki na pampu mpaka zamu inayofuata iwake na kuzimwa kwa ratiba. Mara tano kwa siku, saa nzima au mbili za ziada. Kibandani halikuonekana kwa sababu betri ya mezani haikuwahi kuzimwa hata mara moja, na uani kila alipoichomeka mashine alikuwa akiipa amri ya kuzima kabla ya kuiunga pampu. Alikuwa amefikiria kila kitu kinachoweza kuharibika. Mtu mwenye sababu njema ya kuzima hakumfikiria, wala hakumwuliza.

Bi Tatu hakuwa mjinga. Alikuwa amemsoma usoni. "Kwa hiyo ni mimi niliyekitia chumvi kisima."

"Si wewe, Bi. Mashine ikizimwa lazima ijue kuamka. Hii yangu haijui. Na mimi sikukuuliza unaishije na pampu yako."

Bibi aliuchukua ukili, akaushika, akauweka chini tena bila kuusuka. Sabiha alimwonea huruma.

Alasiri ile alirekebisha. Alilehemu rezista, kipande kidogo cha kupitishia umeme kidogo kidogo, kati ya pini na umeme wa kibao, ili pini ibaki na umeme hata wakati kompyuta bado imelala. Kwenye programu akageuza mistari miwili: kwanza pini ijazwe umeme, ndipo ifunguliwe, na kabla ya kuandika "imezimwa" daftarini, programu iizime kweli. Akaiambia na saa ya Afrika Mashariki. Kisha akamwomba Bi Tatu asimame penye swichi. "Zima, Bi. Haya, washa." Mara tisa walifanya hivyo, na mara tisa pampu ikanyamaza. Lakini Bi Tatu alikuwa anaibonyeza swichi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeogopa kuungua, na alipomaliza alikwenda kulala mapema.

Ijumaa, baada ya swala, kamati ikakaa uani pale pale, pamoja na wachotaji waliotaka kusikia, nao walikuwa wengi. Mzee Majaliwa alionja maji kwanza. Yalikuwa na chumvi bado. Akamwambia fundi aseme.

Sabiha hakuanza na mashine. "Wahida," alisema, "juzi nilikuvunjia heshima mbele ya watu hawa. Hukufanya lolote. Nisamehe mbele ya hao hao."

Wahida alisogea mbele. "Nimekusamehe. Lakini siku nyingine nifuate nyumbani, unieleze tukiwa wawili."

"Nimesikia." Ndipo akaeleza kosa, kwa maneno ya kawaida, kwamba mashine ilikuwa ikikatiwa umeme na kurudishiwa inaamka vibaya, inaiachia pampu bila yenyewe kujua. Kwamba ni kosa lake yeye aliyeiandika, na jana amelitengeneza. Kwamba maji yatarudi, lakini hawezi kuwaahidi yatarudi kabla ya masika. Kulikuwa na miguno, akaipokea.

"Na aliyekuwa akikata umeme ni nani?" aliuliza Mzee Majaliwa.

"Ni mtu mwenye haki ya kuukata, mzee. Kosa liko kwenye mashine."

"Jina."

Sauti ikatoka mkekani nyuma yake. "Ni mimi, Majaliwa. Naizima wakati wa adhana. Mikdad aliniomba."

Mzee Majaliwa na marehemu walikuwa wamekua pamoja, naye akatazama fimbo yake. Lakini mtu wa forodha hubaki mtu wa forodha. "Kaya arobaini, Bi Tatu," alisema hatimaye. "Sitaki kubahatisha. Mashine ibaki, dakika kumi kumi mpaka masika, tuone maji. Ila swichi hiyo isiguswe na mtu yeyote. Na wewe pia. Utusamehe."

"Nimesikia," alisema Bi Tatu. "Maji ni ya watu." Hakulalamika, na hilo ndilo lililomwumiza Sabiha zaidi.

Wakaingia kwenye mengine, ufagio wa tangi, kamba ya ndoo. Maneno yakawa marefu, alasiri ikawafikia. Kipaza sauti kikakwaruza. Watu wote, bila kupenda, wakageukia ukumbini. Bi Tatu hakuinuka. Mikono ilikuwa mapajani, macho miguuni. Sabiha akatazama simu: saa kumi kasoro dakika mbili. Saa kumi kamili ilikuwa zamu ya pampu. Ingelia katikati ya adhana.

"Bi Tatu," alisema Sabiha, "adhana hiyo. Nenda ukazime."

"Fundi!" Mzee Majaliwa alishtuka.

"Mzee, ikiamka vibaya leo, nitaing'oa kwa mkono wangu mbele yenu, na kisima hiki sitakigusa tena. Lakini mashine isiyoweza kuzimwa kwa adhana haifai kukaa katika nyumba hii. Nenda, Bi."

Bi Tatu alimtazama, akamtazama na mwenyekiti. Mzee aligeukia msikitini, hakumzuia. Bibi akashika goti, akainuka, akaingia ukumbini, swichi ikalia, na adhana ikapita safi juu ya ua wote.

Wanaume walikwenda kuswali, wakarudi kutoka msikitini upesi kuliko kawaida, zamu ya saa kumi imeshapita. Bi Tatu akaenda kuwasha. Nusu dakika. Kitaa kikawaka. Wahida alikuwa ameshika kanga yake mdomoni. Rilei haikulia. Ikapita dakika moja, tano, kumi, Mzee Majaliwa saa mkononi, na hapakuwa na sauti ila ya kuku. Simu ilisema PAMPU IMEZIMWA, na pampu ilikuwa imezimwa. Ilipita robo saa nzima.

"Basi," alisema mzee, akaiteremsha kofia yake vizuri. "Swichi ibaki ya mwenyewe."

Watu wakachukua ndoo zao, na maji yao yenye chumvi, wakaanza kutawanyika. Bi Tatu alitoka ukumbini, akakaa mkekani karibu na Sabiha, akalia bila kujificha.

"Tangu Mikdad aende zake nimekuwa nikiizima peke yangu," alisema. "Leo ndipo nimesikia tena mtu ananiambia, nenda ukazime."